Familia ya Babu Kasisi: Limuru ama nyumbani?

Jumapili

19:12 Mama Mdogo Rongai: Bwana asifiwe familia. Leo baada ya ibada wazee wa kanisa wamemuuliza Baba Tumaini kama yuko tayari kusomea uchungaji. Ameomba wiki moja. Baba Tumaini, ongea na watu wako.

19:15 Baba Tumaini: Amina Mama Mdogo. Ni kweli. Naweza kwenda kukaa chuoni Limuru mpaka nimalize, ama nisome kwa mtandao nikiwa hapa Kayole na karakana iendelee. Wito ninao, sina shaka nao tangu tulipomzika Mama. Kinachonisumbua ni njia.

19:16 Mjomba Githurai: Nenda Limuru. Aliyesomea upasuaji kwenye simu, wewe utamlalia mezani akupasue?

19:18 Mama Neema: Mjomba, na watoto watatu watakula nini? Karakana ya kuchomelea ikifungwa mwezi mmoja tu wateja wameshahamia kwa jirani. Paulo mwenyewe alishona mahema Korintho akihubiri. Matendo 18.

19:20 Mjomba Githurai: Endelea mpaka sura ya 19. Efeso alifundisha kila siku katika darasa la Tirano, miaka miwili. Watu walikuja wakaketi.

19:34 Babu Kasisi: Wajukuu, chuo hicho nakijua. Kilianza Frere Town, Mombasa, mwaka 1903, kikahamia Limuru 1930. Siku hizi ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Mimi nilifika na sanduku la bati na koti la kuazima. Julai ukungu ulikuwa unaingia mpaka kitandani.

Kigiriki nimekisahau karibu chote. Hili sijalisahau. Mwenzangu wa chumbani aliletewa habari kwamba mtoto wake amefariki. Akakaa ukingoni mwa kitanda ameshika kiatu kimoja, hajui akivae ama akiweke chini. Mimi nikafungua Zaburi nikaanza kumsomea. Mwalimu wetu akaingia, akapiga magoti sakafuni, akakitoa kile kiatu mkononi mwake, akamvalisha, akafunga kamba. Kisha akamvalisha cha pili. Hakusema neno. Akambebea begi mpaka kituo cha basi. Mimi nikafunga Biblia. Matanga yote niliyoingia tangu siku hiyo, natazama kwanza kama kuna mtu hajavaa viatu.

19:36 Mjomba Githurai: Umesikia, Baba Tumaini? Hilo utalipata kwa bando la usiku?

19:41 Mama Tumaini: Babu, nimesoma mpaka machozi yamenitoka. Naomba kuuliza kwa heshima. Miaka hiyo Nyanya alikuwa wapi?

19:49 Babu Kasisi: Alikuwa shambani na watoto wanne. Wa nne alianza kutembea mimi sipo. Ndiye huyo Mjomba wenu. Umeuliza haki, mjukuu wangu.

19:55 Mjomba Githurai: Baba, hilo hujawahi kuniambia.

19:56 Babu Kasisi: Ningelisema mapema. Nisamehe, mwanangu.

20:10 Furaha Umoja: Niseme yangu. Nilisoma diploma ya Biblia mtandaoni, chuo cha ng'ambo. Nikitoka zamu ya usiku natazama video kwa kasi maradufu, najibu maswali, nalala. Alama zilikuwa nzuri sana. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kunisikia nikihubiri. Na mwaka huo wote nilikuwa siongei na dada yangu, na hakuna aliyejua wala kuuliza. Nikatunukiwa cheti cha huduma ya upatanisho.

20:12 Mama Neema: Dada mwenyewe ni mimi. Hayo yalikwisha, tunashukuru Mungu.

20:31 Mama Mdogo Rongai: Haya, nimeandika polepole, mnisikilize. Mimi nilisoma kwa TEE, masomo ya enezi, yaani theolojia unayosomea kwenu bila kuhamia chuoni, na haikuanza na korona. Guatemala, mwaka 1963, chuo cha Wapresbiteri kiliona kwamba wanaobeba makanisa ya vijijini ni watu wazima wenye mashamba na familia. Bwenini hawawezi kuja. Basi walimu wakafunga safari kuwafuata waliko, wiki baada ya wiki.

Mmarekani mmoja, Ted Ward, aliifananisha elimu hiyo na ua wa mbao. Fito zinalala mbili: kitabu unachosoma nyumbani, na kazi unayofanya kanisani. Nguzo ni ule mkutano na mwalimu na wenzako. Sisi tulikuwa sita, tukikutana kila Jumanne nyuma ya kanisa. Mwalimu wetu aliniambia mbele ya wote kwamba nahubiri kama mtu aliyekasirika. Nililia siku mbili. Alisema kweli.

Kozi nyingi za mtandaoni zimebakiza fito zimeng'oa nguzo. Hapo ndipo ninapopigania, wala si simu ama bweni.

20:33 Baba Tumaini: Mama Mdogo, geti lisilo na nguzo mimi simkabidhi mteja. Hata likiwa limepakwa rangi likang'aa.

20:37 Mjomba Githurai: Na nguzo za Kayole zitatoka wapi?

20:40 Mama Mdogo Rongai: Kabla ya kulipa karo, aulize: mwalimu ni nani na anapatikana wapi? Wanafunzi wanakutana uso kwa uso lini? Nani atakuja kumsikia akihubiri, amfuate hospitalini, amwambie ukweli? Kozi isiyo na majibu, aiache hata kama ni bure. Na kama chuo kinawaita wanafunzi wakae pamoja wiki mbili wakati wa likizo, aende. Wiki mbili karakana itavumilia.

20:42 Mama Tumaini: Wiki mbili naziweza. Nitasimamia karakana mwenyewe, vijana wananiheshimu.

20:58 Babu Kasisi: Macho yangu hayaoni maandishi madogo, lakini masikio ni mazima. Baba Tumaini, uje hapa kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Utanisomea somo la wiki, kisha utaniambia ulimtembelea nani na ulifanya nini ulipofika.

21:01 Baba Tumaini: Nitakuja, Babu.

21:03 Mjomba Githurai: Bando nitalipa mimi. Na Alhamisi ya kwanza nitakuwepo, Baba. Nina maneno na wewe.

21:04 Babu Kasisi: Njoo mapema, kabla ya huyu kijana.

21:06 Mama Tumaini: Babu, na mimi nije?

21:07 Babu Kasisi: Uje na daftari lako.