Bi mkubwa kagoma kuhamia Dar, nataka kumrekebishia nyumba kijijini. Nianzie wapi?

Mzawa_Kibosho
Wakuu habari za jioni. Bi mkubwa wangu, yaani mama mzazi, ana miaka 79, yuko Kibosho huko Moshi na binti wa kazi na ng'ombe wake mmoja. Juzijuzi kateleza usiku akienda chooni, tunashukuru Mungu hakuvunjika ila paja lilivimba sana. Tukakaa kikao cha familia tumlete Dar, akasema yeye kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba) haachi, mzee kalala pale na yeye atalala palepale, mjadala ukaishia hapo. Sasa nyumba yenyewe ni ya siku nyingi, sakafu ile nyekundu ya kupigwa nta hadi unajiona sura, barazani ngazi tatu, choo kiko nje nyuma ya migomba na ni cha kuchuchumaa, masika ndo usiseme. Mdogo wangu aliyeko Marekani anang'ang'ania tuanze na rampu ya wilichea, yaani njia ya mteremko ya kupitisha kiti cha magurudumu, lakini mama anatembea na mkongojo wake vizuri tu. Mchango tulionao hautoshi kila kitu. Nyie mngeanza na nini?

fundi_bomba_na_tailizi
Rampu achana nayo kwanza mkuu. Rampu ya maana kila futi moja ya kwenda juu inataka futi 12 za urefu, ngazi zako tatu zikiwa sentimita 15 kila moja hapo unaongelea karibu mita tano na nusu za zege, mkiifanya fupi inakuwa mtelezo wa kumvunja mtu kiuno. Hiyo hela ingiza choo ndani. Kama kuna stoo imepakana na chumba chake igeuze, choo cha kukaa, shimo liwe upande wa mteremko mbali na nyumba. Tailizi chukua zile za nje zenye mikwaruzo, zile za kung'aa waachie wenye sebule zao. Mlango ufunguke kwa nje, maana bi mkubwa akianguka ndani akauzibia mlango kwa mwili mtamtoaje? Na komeo la ndani toa kabisa.
Vya kushikilia sasa, tafadhali usije ukaweka vile vya kuanikia taulo, vinang'oka na yeye. Chukua bomba la chuma la GI (lile la kuzuia kutu) la inchi moja, welda akuunganishie sahani ya chuma kila mwisho, matundu manne, boliti ziingie ukutani kwelikweli. Urefu usiulize mtandaoni, mkalishe bi mkubwa mwenyewe akifika kwa mkono piga chaki hapo.

NesiMstaafu
Fundi kaongea vizuri. Mimi naongeza upande wa mama mwenyewe, je anatumia dawa za presha? Kuna zile za kukojosha, akinywa jioni usiku kucha ni safari za chooni, muulizeni daktari kama anaweza kunywa asubuhi, msimbadilishie wenyewe. Macho pia, mpelekeni hospitali ya KCMC wamwangalie kama ana mtoto wa jicho maana hapo ni karibu. Choo kikiwa bado kinajengwa wekeni kiti chenye tundu na ndoo pembeni ya kitanda, atakataa siku za mwanzo, asilazimishwe, binti akiache tu hapo. Nta komesheni leo. Na kile kizulia cha mlangoni, najua kipo, kila nyumba ya mama kipo, kitoeni.

mtoto_wa_mjini
Mi naona mnajisumbua, mleteni tu Dar kuna hospitali kila kona.

Mangi_mstaarabu
@mtoto_wa_mjini aje akae ghorofa ya tatu anachungulia barabara kwenye grili? Shangazi yangu alifanyiwa hivyo akaacha hata kuongea, akarudi kwake akaanza kugombeza watu tena, tukajua kapona.
Mleta mada, mbona wote mnaongelea usiku tu, mchana bi mkubwa anafika vipi bandani? Maana hata mkimwekea choo cha dhahabu lazima akaone ng'ombe wake, na njia ya banda ndo ina matope na majani ya migomba yaliyooza.

Mzawa_Kibosho
Aisee Mangi umenigusa penyewe, mwezi wa nne hiyo njia hata mimi naishika kwa vidole vya miguu. Basi choo cha ndani, taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita kwa sababu umeme wetu mnaujua, halafu njia ya banda. Ngazi tutapaka ukingo rangi nyeupe na kuweka bomba la kushika pande zote mbili, yule wa Marekani nitamtumia hesabu ya rampu ajionee. Fundi, njia ya banda nikiweka nguzo za miti za kushikilia si zitaoza?

fundi_bomba_na_tailizi
Zinaozea pale zinapokutana na udongo. Mwaga zege na kipande cha angle (chuma cha pembe) kichomoze, mti uufunge kwa boliti juu ya ardhi, ukichakaa unabadilisha mti tu. Na hiyo njia mwaga kokoto usisakafie, sakafu ikiota ukungu wa kijani kwa mvua za huko inateleza kuliko matope.