Oolong ya Kichina: bei ni halali au tunapigwa?

Birere2
Jambo wandugu. Hapa Goma kuna oolong (chai iliyoivishwa nusu, kati ya kijani na nyeusi) inauzwa, pakiti ya gramu 100, imeandikwa Tieguanyin, aina mojawapo ya oolong, bei mara kadhaa ya majani yetu ya Kivu. Ukiichemsha juu ya moto wa makala inatoka chungu. Majani ni mabaya, ama mpishi?

Kikombe Kidogo
Mpishi, ndugu. Oolong haichemshwi. Weka gramu 5 (kama vijiko viwili vya chai vya vile vidonge, yaani majani yaliyoviringwa) kwenye kikombe cha mililita 100, mimina maji yanayotokota, funika na kisahani. Maji ya kwanza mwaga baada ya sekunde 5, yanalegeza vidonge tu. Ya pili sekunde 20, kisha ongeza tano-tano kila mara. Kwa mwinuko wa Goma maji yanatokota karibu na nyuzi 95, kwa hiyo usingoje yapoe. Ya teremosi ya asubuhi hayafai, vidonge havifunguki vizuri. Maji ya ziwa nayo yana magadi: chai inaiva nyeusi na harufu inazimika.

Mama Chai, Bukavu
Ubora utauona kwenye majani yaliyokwisha kunywewa. Yatandaze kwenye sahani nyeupe. Yawe mazima, laini, yanavutika bila kukatika. Ukikuta vipande na vumbi, umelipia mabaki. Harufu pia: ya kutiwa inapiga kali pakiti ikifunguliwa, halafu maji ya tatu hayana kitu. Nzuri inafika maji ya sita na bado tamu kooni. Ukigawa bei kwa idadi ya vikombe, si ghali kama inavyoonekana.

Birere2
Asanti mama. Nimetandaza: mazima, ila hayana ule ukingo mwekundu wanaousema. Ni feki?

Mama Chai, Bukavu
Hapana. Ukingo unakuwa mwekundu kwa sababu majani hutikiswa yakagongana, kando zikachubuka na kuanza kuiva kwa hewa. Tieguanyin ya siku hizi ya Anxi, Fujian, mara nyingi huivishwa kidogo sana, inabaki kijani. Hiyo inachakaa upesi. Funga pakiti vizuri, weka mbali na moshi na samaki wa sambaza.

Kikombe Kidogo
Na muuzaji akikuletea Da Hong Pao, oolong nyingine, eti ya "miti mama" (ile ya asili) ya milima ya Wuyi, mcheke. Ile miti sita haichumwi tangu 2006.