Mpiga mbiu, ubao, shaba au ukuta: habari ziliwafikiaje watu wa miji ya Roma ya kale?

Kitabu_Wazi: Wakuu, salaam. Julius Caesar alipokuwa konsuli, yaani mmoja wa watawala wawili wakuu wa Roma, mwaka 59 KK aliagiza shughuli za seneti na za umma zitangazwe kila siku. Ndiyo ile Acta Diurna, wengine huiita gazeti la kwanza. Sawa, lakini hapo ni Roma kwenyewe. Muuza mikate wa Pompeii, mji wa kusini mwa Italia, habari alizipata wapi? Kati ya mpiga mbiu, ubao uliopakwa chokaa, bamba la shaba na maandishi ya ukutani, ninyi mnaona kipi kilifanya kazi hasa?

Bi_Mkasi: Mpiga mbiu, sina shaka. Wengi hawakujua kusoma. Huyu, waliyemwita praeco, aliita watu mkutanoni, akanadi mali mnadani, akatangaza mazishi. Kinachoniuma ni jinsi walivyomdharau. Kuna sheria iliyopatikana Heraclea, kusini mwa Italia, inayomzuia kuingia baraza la mji maadamu anafanya kazi hiyo, yeye pamoja na wazika maiti. Mtu anayetegemewa na mji mzima!

Mzee_wa_Tarehe: Dada, sauti ikishapita imepita. Sheria ilitaka kitu cha kudumu. Mabamba ya mji wa Irni, Hispania, yaliyopatikana mwaka 1981, yanaagiza sheria ichongwe kwenye shaba na kuwekwa penye watu wengi, isomeke na mtu aliyesimama chini. Nalipenda sana sharti hilo. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasimulia kwamba Kaizari Caligula alitoza kodi mpya bila kuzitangaza. Watu walipodai kuziona, akazibandika kwa herufi ndogo mno, tena mahali pafinyu, ili mtu asiweze kuzinakili.

Fundi_Herufi: Mimi naandika mabango ya maduka kwa brashi, kwa hiyo nasimama na ukuta. Pompeii peke yake yamesomwa matangazo ya uchaguzi zaidi ya 2,500, yote ya rangi. Palikuwa na mtu wa kupaka chokaa kufuta tangazo la zamani, mwingine wa kushika taa, ngazi, kisha mwandishi. Sasa sikilizeni. Tangazo moja linasema Lucretius Satrius Valens ataleta jozi 20 za wapiganaji wa uwanjani (gladiator) na mwanawe jozi 10, kuanzia tarehe 8 hadi 12 Aprili, na kutakuwa na uwindaji wa wanyama na maturubai ya kivuli. Pembeni mwandishi kaweka jina lake: Aemilius Celer, ameandika peke yake, kwa mbalamwezi. Nimewahi kuandika usiku bila wa kunishikia taa. Rangi nyekundu huioni kama imekolea, unaufuata mstari kwa mkono tu. Yule bwana namwelewa kabisa.

Kitabu_Wazi: Fundi, hapo umenigusa. Ila hizo ni habari za mjini. Za mbali je?

Bi_Mkasi: Barua, mkuu. Mwaka 51 KK mwanasiasa Cicero alikuwa gavana wa Cilicia, jimbo la Roma katika Uturuki ya leo, na rafiki yake Caelius akamtumia furushi la habari za Roma lililokusanywa na watu wa kulipwa. Cicero alilalamika: jozi za wapiganaji, kesi zilizoahirishwa, mambo ambayo hata akiwa Roma hakuna aliyethubutu kumweleza. Bado alihitaji mtu wa kumchagulia.

Mzee_wa_Tarehe: Nakubali kwa wakubwa wenye marafiki. Lakini mwaka 20 BK seneti ilipotoa uamuzi juu ya Piso, gavana wa zamani wa Syria aliyeshtakiwa, iliagiza uwekwe kwenye shaba katika mji wenye watu wengi zaidi wa kila jimbo, na katika kambi za majeshi za majira ya baridi, karibu na bendera zao. Hapo dola iliwakusudia askari wa kawaida.

Fundi_Herufi: Mzee, hilo sikatai. Ila kuna tangazo jingine la Pompeii: chombo cha shaba kimepotea dukani, atakayekirudisha atapewa sesta 65 (sarafu za Kirumi). Mwenye duka huyo angesubiri seneti?