Naomba ushauri: bosi ni mzee wa kanisa, lakini ananunua kwa lumbesa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nipo Kibaigwa, mkoani Dodoma, nafanya kazi kwa mnunuzi wa mahindi. Bosi ni mzee wa kanisa, mtu wa zaka na maombi kweli kweli. Ila huko vijijini ananunua kwa lumbesa: gunia linaongezewa kilemba juu mpaka linavuka kilo 100 za kisheria, mkulima analipwa gunia moja. Yeye akifika sokoni anauza kwa kilo!

Nilipomuuliza, akasema mkulima amekubali mwenyewe. Jamani, mtu anadaiwa michango ya shule na mvua ilikuwa haba, atakataaje? Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Sioni palipoandikwa "isipokuwa wakikubaliana". Hata Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne.

Wenzangu wanasema nimwachie Mungu, yeye ndiye mwenye haki. Hapo ndipo ninapokwama, maana daftari la manunuzi nalishika mimi, na nina familia. Nianze kwa mchungaji, niende Wakala wa Vipimo, au nitafute kazi nyingine kwanza? Hasa mliopitia biashara ya mazao, nisaidieni.