Nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi katika kwaya yetu: tuzitafsiri au tuziache?

Mwalimu wa Kikuyu, Dodoma

Wapendwa wanakwaya, naomba ushauri wenu. Kwaya yetu imezoea tenzi na nyimbo zilizoandikwa kwa solfa (do, re, mi), na sasa tumeombwa kuimba nyimbo mbili za kiroho za Wamarekani Weusi, yaani zile zilizozaliwa utumwani. Nimepata nota za "Deep River" iliyopangwa na Harry Burleigh, na "Soon Ah Will Be Done" ya William Dawson. Wazee wanataka ziimbwe kwa Kiswahili ili washarika waelewe, ilhali vijana wanataka ziachwe kama zilivyo. Nimejaribu kutafsiri ubeti mmoja, ukanishinda. Pia naona maneno kama "de" na "wid" kwenye nota. Je, ni makosa ya mchapaji?

Mama Alto, Mpwapwa

Mwalimu, si makosa. Mpangaji aliandika matamshi ya watu waliozaliwa utumwani: "de" ni "the", na "wid" ni "with". Ila waonye vijana wasiyatie chumvi. Katika karne ya 19 kulikuwa na waigizaji wa Kizungu huko Marekani waliojipaka masizi usoni na kuiga usemi huo ili watu wacheke, na kwaya ikizidisha kidogo tu hufanana nao.

Mpiga Zeze, Chamwino

Mimi sioni ugumu. Mmoja anaanzisha, wengi wanaitikia, sauti zinapandana: hivyo ndivyo Wagogo tunavyoimba tangu zamani. Ongezeni zeze na ngoma za muheme, nyimbo zitajisikia ziko nyumbani.

Besi wa Makole

Ndugu wa Chamwino, kuhusu mwanzishaji na waitikiaji nakuunga mkono, lakini undugu huo tusiuharakishe. Misafara ya pembe na watumwa iliyopita Ugogo ilielekea Bagamoyo na Unguja, ilhali wengi wa mababu wa Wamarekani Weusi walitoka Afrika Magharibi na ukanda wa Kongo na Angola. Na kuhusu ngoma, kumbuka kwamba baada ya uasi wa watumwa wa Stono wa mwaka 1739, sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 iliwakataza watumwa kupiga ngoma. Mdundo ulihamia kwenye makofi na nyayo. Ukileta muheme, unajaza nafasi ambayo wimbo ulijifunza kuishi nayo.

Mwalimu, nota ulizonazo si nyimbo kama zilivyoimbwa shambani. Mwaka 1871 kundi dogo la wanafunzi wa Fisk, chuo cha Nashville, ambao wengi wao walikuwa wameonja utumwa, lilianza safari chini ya mweka hazina wa chuo, George White, ili kukiokoa chuo kilichokuwa kikikosa fedha. Mwanzoni waliimba zaidi nyimbo za kumbi za Kizungu, na nyimbo za wazazi wao walizionea haya. Wasikilizaji ndio waliozitaka. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria. Baadaye wakaja wapangaji waliosomea muziki: Burleigh, aliyesoma chuo cha muziki New York wakati mtunzi Mcheki Dvořák akikiongoza, na Dawson, aliyeiongoza kwaya ya chuo cha Tuskegee, Alabama, kuanzia 1931 hadi 1955. Hao walipima kila silabi, na hapo ndipo tafsiri yako ilipokwama.

Tazama "Deep River". Neno la kwanza lina silabi moja ndefu yenye irabu ambayo kwaya nzima inaweza kuishikilia. Kwa Kiswahili utaanza na "mto", neno ambalo mkazo wake uko juu ya "m", yaani midomo imefungwa. Utaishikilia vipi? Huko kwa Dawson ni kinyume chake: maneno mafupi yanakimbia kama mtu anayehema, na "nitamaliza" peke yake ina silabi tano. Ukizibana, besi tunakosa pa kukanyagia.

Ushauri wangu ni kuimba kwa Kiingereza, na kabla ya kila wimbo mtu mmoja asome maana yake kwa Kiswahili safi, taratibu, bila kinanda. Msharika akijua kwamba anayeimba anatamani nyumbani kwake ng'ambo ya Yordani, hahitaji kufuata kila neno.

Mwalimu wa Kikuyu, Dodoma

Nashukuru sana. Mzee mmoja aliyekuwa mkali kuliko wote amekubali kusoma yeye mwenyewe, kwa hiyo upande huo umetulia, na muheme tutaitunza kwa wimbo wa Kigogo wa kufungia. Limebaki moja: besi wa kweli ninao wawili tu, na noti za chini za Dawson zinawapotea.

Besi wa Makole

Kwa kuwa mnaimba kwa solfa bila kinanda, toa do iliyo juu kwa nusu sauti, na wimbo wote utapanda. Lakini kwanza wajaribu soprano kwenye noti yao ya juu kabisa, tena mwishoni mwa mazoezi, wakiwa wamechoka.