Kuweka 454 kwenye Chevelle ya 72, kuna kitu nakisahau?

Mgosi_Houston:
Wakuu habari za saa hizi. Nina Chevelle Malibu ya 1972, ilikuja na injini ya 350 (inchi za ujazo) smoli bloku, yaani bloku ndogo, na gia boksi otomatiki ya TH350. Inatembea fresh ila haina hasira. Sasa mwezi uliopita nimepata injini ya 454 imetolewa kwenye pikapu ya Chevrolet ya 78, bigi bloku yenyewe, ile kubwa, iko chini gereji nimeifunika turubai na mke wangu kila akipita kwenda kufua anaiangalia tu hasemi kitu, ndo mbaya zaidi.

Nimesoma gia boksi ya smoli bloku inakaa kwenye bigi bloku bila adapta, matundu ya boliti nyuma ni yale yale. Kwa hiyo mpango wangu natoa 350, nachomoa flekspleti yake (lile sahani la chuma lenye meno ya stata, kati ya injini na gia boksi) maana bado nzima kabisa, naifunga kwenye 454, narudisha gia boksi ile ile na rejeta ile ile, wikiendi moja nimemaliza. Kuna aliyewahi kufanya hii kitu?

Fundi_Kisauni:
Wikiendi moja hahaha. Ndugu yangu na mimi nilisema hivo hivo, gari likakaa juu ya stendi miezi minne.

Sikiza, hapo kwa flekspleti SIMAMA. Mimi nilifanya hio hio na Chevelle ya 70 hapa Kansas. Injini ikawaka mara moja, silensa tamu, nikampigia kakangu Mombasa video asikie mlio. Nikapandisha mpaka kama 2000 rpm, kikombe cha chai nilikuwa nimekiweka juu ya fenda kikaanza kutembea chenyewe, tik tik tik, kikafika ukingoni kikaanguka. Nikadhani ni taimingi. Nikabadilisha plagi, nikakaza maunti, nikashuku tok konvata, wiki mbili nazunguka tu. Mwisho nikaenda kwa mzee mmoja anachonga mabloku, hata gari hakuja kuliona, akaniuliza swali moja tu, flekspleti umetoa wapi?

Maana yake ni hii. 350 ya zamani krenki yake, ile shafti kuu ya injini, imebalansiwa yenyewe ndani, na bigi bloku za 396 na 427 vile vile. 454 siyo, krenki yake haikamiliki peke yake, uzito uliobaki umewekwa kwa flekspleti nyuma na kwa balansa, lile gurudumu zito la krenki, mbele. Ukiweka ya 350 umeinyima nusu ya dawa. Itazunguka ndio, lakini itakula beringi za krenki na siku moja krenki yenyewe itapasuka. Kwa macho utaijua, flekspleti ya 454 ina kibonge cha chuma kimechomelewa upande mmoja, na balansa yake kwa ndani si duara kamili, kama imemegwa.

Uzuri yako ni ya 78, sili yake ya nyuma (ya kuzuia oili) ni vipande viwili. Kuanzia 1991 sili ya nyuma ya krenki ikawa kipande kimoja na flekspleti ni nyingine kabisa.

Mzee_wa_Tabata:
454 si ndo lita 7.4 hiyo?? mimi na IST yangu ya 1.3 nikiingia sheli natoka nimenyong'onyea. Endeleeni wakuu mi nasoma tu

DadaSpana:
Fundi kamaliza kwenye balansi, mi niongezee mengine. Kaka Mgosi hiyo 454 yako usiifananishe na LS6, ile 454 kali ya Chevelle ya 1970 iliyoandikwa hosipawa 450. Ya pikapu kompresheni iko chini, inakaribia 8 kwa 1, imetengenezwa kuvuta trela. Na hata hesabu zenyewe zilibadilika, Chevelle ya 72 ikiwa na 454 kutoka kiwandani iliandikwa 270 tu, sababu mwaka huo walianza kupima injini ikiwa imevaa kila kitu, feni, alteneta, ekzosi kamili. Toki utaipata ya kutosha lakini, hilo sikukatishi tamaa.

Ila uzito je? Hilo dude ni kama kilo 50 zaidi ya smoli bloku na zote ziko juu ya matairi ya mbele, springi za 350 zitalala. Vishikio vya injini kwenye chesisi navyo ni tofauti. Rejeta ya 350 kwa joto la Houston mwezi wa nane usijaribu, weka kubwa na usisahau kava la feni, watu wanaliona urembo halafu wanachemsha kwenye foleni. Alafu ingia uvunguni uhesabu boliti za kifuniko cha difu, kama ni 10 difu ni dhaifu, endesha kistaarabu, usichome matairi kila taa ikiwa kijani.

Mi ningekuwa wewe ningechonga hiyo 350 silinda kidogo, inchi 0.030, nikaipa krenki ya mkunjo wa inchi 3.75 ikawa 383. Springi hugusi, rejeta labda, na mke hanuni.

Fundi_Kisauni:
Dada 383 ni injini nzuri sikatai, lakini ukifungua boneti mbele ya watu ni smoli bloku tu hio 😂

Mgosi_Houston:
Nimerudi wakuu. Nimeshuka na tochi, balansa ya mbele imemegwa kweli kama alivyosema Fundi, nimeisugua oili na kitambaa ikaonekana wazi. Flekspleti sikuiona. Nikampigia aliyeniuzia akasema mbona nilikuwekea kwenye boksi, lile sahani lenye kiraka. Boksi nimelipekua lote hamna. Namuuliza mke wangu, ananyoosha kidole uani... iko chini ya chungu chake cha mchaichai!! Kibonge kipo, kimechomelewa upande mmoja kabisa, ila imeshika kutu na meno mawili yamekatika.

Springi na rejeta nimekubali, dada nakushukuru, 383 naomba unisamehe. Sasa hii flekspleti nisugue nifunge au?

Fundi_Kisauni:
Meno yamekatika usifunge, ipo siku stata itagonga hapo pa tupu na gari halitawaka ukiwa mbali na nyumbani. Nunua mpya, uwaambie ni ya 454 yenye sili ya vipande viwili, ije na kibonge chake. Kabla hujalipa hesabu meno, kama ni 168 stata yake boliti zinakaa mshazari, na ya meno 153 zimenyooka, ukichanganya haitashika. Hio ya zamani mwachie shemeji mchaichai wake.