Mrejesho: yule wa moyo kuruka-ruka, Masasi
Wakuu nimerudi, ni mimi niliyeuliza kuhusu moyo kudunda ovyo usiku mpaka naamka najua leo nakufa. Nilishuka Mtwara mjini nikapigwa eko (kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti), daktari akanionyesha kwenye skrini vali ya maitro, kile kimlango cha damu cha upande wa kushoto wa moyo, inabinukia nyuma moyo ukijikaza, damu inayovuja ni kidogo sana, akasema wengi wanazeeka nayo tu, nirudi baada ya miaka 3 hadi 5, ila nikizimia niwahi. Kahawa nimepunguza (msimu wa korosho huu, kuamka alfajiri bila kahawa ni adhabu jamani). Hofu bado inakuja, ila sasa napumua taratibu inapita, simwamshi tena wa bodaboda saa nane usiku anikimbize hospitali. Mama watoto ndo kafurahi zaidi.